Kisoma skrini kimegoma: anza na dalili, kisha mtafute mkosaji

Mtu asiyeona akikwama kwenye kompyuta, wa kwanza kulaumiwa huwa ni yeye mwenyewe: "hujabonyeza vizuri." Wa pili ni kisoma skrini, programu inayomsomea kwa sauti yaliyomo kwenye skrini. Tovuti iliyojengwa ovyo, ambayo mara nyingi ndiyo yenye kosa, hukumbukwa mwisho, au haikumbukwi kabisa. Hapa nimepanga matatizo yanayoripotiwa tena na tena kwa kufuata dalili, na chini ya kila dalili naanza na sababu inayotokea zaidi. Vichwa vimewekwa makusudi: ruka kwa herufi H hadi kwenye dalili yako, huna haja ya kusoma yote.

Amri nyingi ni za kisoma skrini cha NVDA kwenye Windows, kwa kuwa ni cha bure na ndicho ninachoulizwa zaidi. Nikisema NVDA pamoja na herufi fulani, namaanisha kitufe cha Insert, au Caps Lock kama ndicho ulichokichagua. Wenye JAWS, kisoma skrini kingine cha Windows, nimewakumbuka pale amri inapotofautiana.

## Kipimo cha kwanza kwa tatizo lolote

Bonyeza Windows, Ctrl na Enter kwa pamoja. Narrator, inayokuja ndani ya Windows yenyewe, itawaka.

- Narrator nayo ikiwa kimya, tatizo liko kwenye sauti ya kompyuta.
- Narrator ikisema na chako hakisemi, tatizo liko kwenye kisoma skrini chako au mipangilio yake.
- Vyote viwili vikikwama mahali pale pale kwenye ukurasa ule ule, ukurasa ndio mbovu. Acha kujilaumu.

Ukishapata jibu, zima Narrator kwa vitufe vile vile. Visoma skrini viwili vikiachwa vifanye kazi pamoja hugombania kibodi, na utaishia kutafuta tatizo ulilolizua mwenyewe.

## Kimya kabisa, hakuna sauti

Umezima usemaji bila kujua. Hii ndiyo sababu inayoongoza. NVDA na S hubadilisha hali ya usemaji: kusema, kunyamaza, kutoa milio tu, na kuanzia toleo la 2024.1, kusema pale tu unapouliza. S iko katikati ya A na D, kwa hiyo kidole kikiteleza kidogo programu inanyamaza. Bonyeza NVDA na S, subiri sekunde mbili, bonyeza tena, mpaka usikie sauti. Kwenye JAWS ni Insert na Space, uachie, kisha S.

Sauti imekwenda kwenye kifaa kingine. Hedifoni za Bluetooth zilizosahaulika ndani ya begi bila kuzimwa zinaweza kuwa ndizo zinazosomewa. Skrini ya nje iliyounganishwa kwa waya wa HDMI nayo hupenda kuichukua sauti hata kama haina spika. Chomoa waya, zima hedifoni, usikilize. Kwenye Windows 11, Windows na Ctrl na V hufungua orodha ya vifaa vya sauti. NVDA yenyewe pia inaweza kuwa imeelekezwa kwenye kifaa kimoja pekee. Matoleo mapya huweka chaguo hilo kwenye mipangilio ya sauti, ya zamani huliweka pamoja na uchaguzi wa injini ya usemaji, yaani programu inayotengeneza sauti ya kusomea.

Programu imeanguka. Bonyeza Ctrl, Alt na N ili kuiwasha upya, kisha tega sikio. NVDA ikiwaka hupiga mlio mfupi kabla ya kusema neno lolote, na mlio huo ni kipimo kizuri ambacho wengi hawakitumii. Ukiusikia mlio lakini maneno hayaji, kifaa cha sauti ni kizima na injini ya usemaji ndiyo iliyokwama: bonyeza NVDA, Ctrl na S, kisha herufi E ili kuifikia eSpeak, halafu Enter. Injini hiyo huja na NVDA na haitegemei sauti za kununua wala za Windows. Usipousikia hata mlio, rudi kwenye sababu iliyotangulia.

Ukimya uko ndani ya programu moja tu. Hapo umeilaza NVDA kwenye programu hiyo. Ni NVDA, Shift na S kwa mpangilio wa kibodi kubwa, au NVDA, Shift na Z kwa mpangilio wa kompyuta mpakato. Amri ile ile huiamsha.

JAWS isiyo na leseni. Hufanya kazi kwa dakika 40 kisha husimama hadi uwashe kompyuta upya. Haijaharibika, ndivyo ilivyopangwa.

Draiva ya sauti, yaani programu inayoiwezesha Windows kuendesha kifaa cha sauti, imeharibika, mara nyingi baada ya Windows kujisasisha. Chomeka hedifoni ya USB kabla ya kugusa chochote. Hedifoni ya aina hiyo ina saketi yake ya sauti na haipitii kadi iliyomo ndani ya kompyuta. Ikisema, umeshajua kwamba kadi ya ndani au draiva yake ndiyo yenye hitilafu, na zaidi ya hapo umepata sauti ya kufanyia kazi. Sasa unaweza kuingia kwenye orodha ya vifaa vya kompyuta, ukaondoa kifaa cha sauti cha ndani na kuwasha upya ili Windows ikitambue tena.

Simama hapa uite fundi ikiwa hata hedifoni ya USB iko kimya, ikiwa kompyuta haifiki kwenye skrini ya kuingilia, au ikiwa mtu anakushauri uingie kwenye mipangilio ya BIOS, ile ya mashine yenyewe inayofunguka kabla ya Windows kuwaka. Kule hakuna kisoma skrini kinachofika, na kubonyeza kwa kubahatisha kunaweza kuizuia mashine isiwake tena. Kama unataka tu kujua skrini inaonyesha nini kabla ya kumpigia fundi, elekeza kamera ya simu kwa mtu anayeona, au tumia Be My Eyes, ambayo imekuwa ikiunganisha wasioona na wanaojitolea tangu 2015. Ila usimwonyeshe mgeni skrini yenye nywila.

## Kibodi imekufa: ninabonyeza, inataja vitufe tu

Kama kila kitufe kinatajwa jina lakini hakifanyi kazi, umewasha msaada wa kibodi kwa NVDA na 1. Bonyeza tena NVDA na 1. Ni kipengele kizuri cha kujifunzia, kasoro yake ni kwamba husahaulika kikiwa kimewashwa.

Kama kibodi haijibu mpaka ukikandamize kitufe kwa muda mrefu, umeshikilia Shift ya kulia kwa sekunde nane na Windows imewasha kichujio cha vitufe. Shikilia Shift hiyo hiyo tena kwa muda ule ule. Kubonyeza Shift mara tano mfululizo nako huleta swali la vitufe vinavyonata. Jibu kwa Escape.

Kama ni amri za NVDA pekee zinazokataa, angalia mpangilio uliochaguliwa. Amri kadhaa hutofautiana kati ya kibodi kubwa na kompyuta mpakato, na mafunzo mengi hutaja za upande mmoja tu. NVDA, Ctrl na K hufungua mipangilio ya kibodi, na humo ndimo unapoweza pia kukubali Caps Lock itumike badala ya Insert iliyofichwa nyuma ya kitufe cha Fn.

## Ninaandika jina, ukurasa unaruka ovyo

Mtu anafika kwenye kisanduku cha jina, anaandika "Hamisi", na badala ya jina kuingia anasikia kichwa cha habari, kisha ukurasa unamkimbia. Kwenye tovuti kisoma skrini kina hali mbili. Katika hali ya kusoma, herufi ni amri: H huenda kwenye kichwa, K kwenye kiungo, B kwenye kitufe, E kwenye kisanduku cha kuandikia, T kwenye jedwali, X kwenye kisanduku cha kutia tiki. Katika hali ya kuandika, herufi ni herufi. Hapo juu H ya "Hamisi" imemrusha kwenye kichwa, na herufi zilizofuata zimeendelea kumrusha huku na huku.

Bonyeza Enter ukiwa juu ya kisanduku. Ikikataa, bonyeza NVDA na Space. Utasikia mlio mfupi, na mlio wa kuingia si sawa na wa kutoka. Jizoeze kuutofautisha na hutahitaji kuuliza tena. Kutoka ni Escape au NVDA na Space. Kwenye JAWS kishale cha kusomea huzimwa na kuwashwa kwa Insert na Z.

Kinyume chake pia hutokea: unabonyeza H na hakuna kinachoruka. Sababu zake kwa mpangilio ni hizi: umebaki kwenye hali ya kuandika, umezima urukaji wa herufi kwa NVDA, Shift na Space, au ukurasa haukuwekewa vichwa, mjenzi amekuza tu maandishi yaonekane kama kichwa. Kwa hiyo ya tatu utasikia kwamba hakuna kichwa kinachofuata, ingawa anayeona anaviona kumi. Huna amri ya kulirekebisha hilo. Jaribu D inayopita kwenye maeneo makuu ya ukurasa, au tafuta neno unalolitaka kwa NVDA, Ctrl na F.

Zipo pia tovuti zinazofanya kazi kama programu kamili, kwa mfano za kuandika nyaraka kwa pamoja. Baadhi huizima hali ya kusoma makusudi na kukupa njia zao za mkato. Huko usipigane na kisoma skrini. Tafuta orodha ya njia za mkato kwenye sehemu yao ya msaada.

## "Kitufe. Kitufe. Picha. Hariri, tupu."

Hapa ndipo lawama huangukia pasipostahili kuliko pengine pote. Kisoma skrini hakitazami ukurasa kama jicho. Kinasoma kile ambacho msimbo umetaja. Mjenzi akiweka alama ya kioo cha kukuzia bila jina, macho yataelewa kwamba ni kutafuta, na wewe utasikia "kitufe". Picha isiyo na maelezo iliyofanywa kiungo husomwa kwa jina la faili au kwa mlolongo wa namba za anwani yake. Kisanduku ambacho maelezo yake ni maandishi hafifu ya ndani yanayopotea ukianza kuandika hakikumbukiki tena ukirudi kukihakiki.

Si jambo la nadra. Shirika la WebAIM hupima kila mwaka kurasa za mwanzo za tovuti milioni moja, na mwaka 2024 asilimia 95.9 zilikutwa na makosa yanayogundulika kwa mashine. Yaliyoongoza ni pamoja na picha zisizo na maelezo, visanduku visivyo na lebo, viungo vitupu na vitufe vitupu.

Unachoweza kufanya wewe:

1. Bonyeza NVDA na F7 upate orodha ya viungo, vichwa au vitufe. Jirani wa kitufe kisicho na jina mara nyingi hukisema ni cha nini.
2. Toka kwenye hali ya kuandika, panda mstari mmoja au miwili kwa mshale. Lebo huwa ipo, ila haijafungwa kwenye kisanduku chake.
3. Ukiwa juu ya picha au kitufe, bonyeza NVDA na R. Windows itajaribu kutambua maandishi yaliyomo ndani ya picha. Husaidia kama kitufe kimechorwa neno, haisaidii kama ni alama tu.
4. Kwenye JAWS, Insert, Ctrl na Tab hukuruhusu kukipa kitufe jina lako mwenyewe, likakumbukwa safari ijayo.

Usibonyeze kitufe kisicho na jina kwenye ukurasa wa malipo ili uone kitafanya nini. Kinaweza kuwa "futa" au "thibitisha". Hapo simama, mpigie mwenye huduma.

Kwa anayejenga: lebo ya kisanduku ifungwe kwa `<label for="simu">` na kisanduku kiwe na `id="simu"`. Kitufe kiwe `<button>`, si `<div>` iliyovikwa rangi, maana hiyo haifikiwi kwa Tab wala haijitambulishi. Picha yenye maana ipewe `alt` ya kueleza, na ya pambo ipewe `alt=""` ili irukwe. Ukiiacha `alt` kabisa hujaificha picha, umekiachia kisoma skrini kikisie. Na zile programu za kubandika juu ya tovuti zinazoahidi kuifanya ifikike kwa mstari mmoja wa msimbo, mimi siwashauri watu waziweke. Msimbo wenye kasoro hubaki pale pale chini yake, na baadhi yake huingilia vitufe vya mtumiaji.

## Ukurasa umebadilika lakini sikuambiwa

Umebonyeza "tuma", kimya. Umebonyeza tena, kimya. Kumbe juu ya fomu pameandikwa kwa rangi nyekundu kwamba namba ya simu ina kasoro.

Anza na NVDA na F5, inayoisomesha NVDA upya ukurasa uliopo. Usichanganye na F5 peke yake: hiyo huupakia ukurasa wote upya, fomu inaweza kufutika, au malipo yakatumwa mara ya pili. Tofauti ni kitufe kimoja tu, na ndiyo sababu nimeiwekea onyo.

Kisha nenda mwisho wa ukurasa kwa Ctrl na End, upande kwa mshale. Madirisha madogo ya kuomba idhini ya vidakuzi na ujumbe wa makosa mara nyingi huwekwa mwishoni mwa msimbo, hata kama kwa anayeona yanaonekana katikati ya skrini. Tatu, jaribu Escape. Wajenzi wengine hufungua dirisha dogo na kuuficha ukurasa wote kwa `aria-hidden="true"`, kisha dirisha likifungwa wanasahau kuifungua sehemu iliyofichwa. Anayeona haoni kasoro yoyote, wewe umebaki na ukurasa mtupu. Dawa pekee ni kuupakia upya, kama huna kitu ambacho hakijahifadhiwa.

Mjenzi anapaswa kuweka ujumbe wa kosa kwenye eneo lenye `aria-live` au `role="alert"`, na dirisha likifunguka apeleke kishale ndani yake.

## Inasoma Kiswahili kwa lafudhi ya Kiingereza

Mara nyingi ukurasa umejitangaza kuwa wa Kiingereza. Mwenye tovuti alichukua kiolezo kilichoandikwa `lang="en"` juu kabisa, akajaza maneno ya Kiswahili, mstari ule ukabaki. Kisoma skrini kinatii: "na" inatoka kama ya mgeni wa lugha, na sentensi ndefu hazifuatiliki. Dawa ya kudumu ni yeye kuandika `lang="sw"`, kazi ya nusu dakika.

Kwa upande wako, NVDA, Ctrl na V hufungua mipangilio ya usemaji, na humo kuna kisanduku cha kubadili lugha kiotomatiki. Kiondoe tiki, kisha chagua mwenyewe sauti ya Kiswahili. eSpeak NG inayo, kavu kidogo lakini inatamka sawasawa. Sauti ikikata silabi ya kwanza ya kila sentensi, tatizo si lugha tena: ni hedifoni ya Bluetooth au kadi ya sauti inayosinzia kila kukiwa kimya. Tumia waya.

## Faili la PDF halisomeki

Bonyeza Ctrl na A, Ctrl na C, kisha bandika kwenye faili tupu la maandishi. Kisipobandikika kitu, ulichonacho ni picha ya karatasi iliyopigwa kwa skana. Fungua ukurasa uonekane wote kwenye skrini, bonyeza NVDA na R. Hutambua kinachoonekana tu, kwa hiyo ni ukurasa mmoja baada ya mwingine, na pazia la skrini, kipengele cha NVDA kinachoifanya skrini iwe nyeusi, lazima liwe limezimwa.

Maandishi yakibandikika lakini yamechanganyika, faili halina muundo wa ndani: safu mbili zimesomwa kama mstari mmoja. Omba faili la awali la Word.

Usitegemee utambuzi wa picha kwa dozi ya dawa, namba ya akaunti au kiasi cha fedha. 3 na 8 hubadilishana, na nukta hupotea. Hapo anahitajika mtu wa kukusomea.

## Dirisha la kuomba ruhusa liko kimya, au linasema kwa sauti nyingine

Ukitumia NVDA ya kubeba kwenye flashi, haiwezi kusoma skrini za ulinzi za Windows, zile zinazouliza kama unairuhusu programu ibadilishe kompyuta. Isakinishe, au washa Narrator kwa muda. Kama umeisakinisha na skrini hizo zinasomwa kwa sauti usiyoijua, mipangilio yako haijanakiliwa huko. Kitufe cha kunakili kimo kwenye mipangilio ya jumla. Ondoa kwanza nyongeza (programu ndogo zinazoongezwa kwenye NVDA) usizoziamini, kwa sababu kwenye skrini hizo zitapata mamlaka makubwa.

## Imekuwa nzito, inachelewa kujibu

Bonyeza NVDA na Q, chagua kuwasha upya bila nyongeza. Wepesi ukirudi, moja ya nyongeza ndiyo mkosaji. Zirudishe moja moja. Bado nzito? Bonyeza NVDA, Ctrl na R mara tatu haraka, mipangilio itarudi ya kiwandani. Kama ni ukurasa mmoja tu wenye maelfu ya viungo, kisoma skrini hakina kosa.

## Unapomwita mtu

Mwenye tovuti mwandikie mambo manne: anwani ya ukurasa, ulichokuwa unafanya, ulichosikia neno kwa neno, na majina na matoleo ya kisoma skrini na kivinjari. Ukiweza, taja kifungu cha WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zifikike na wote: 1.1.1 kwa picha, 3.1.1 kwa lugha ya ukurasa, 3.3.2 kwa lebo za fomu, 4.1.2 kwa vitufe visivyo na jina. Barua yenye namba hupelekwa kwa mjenzi. Isiyo na namba huishia kwa dawati la huduma linalokushauri ubadilishe kivinjari.

Fundi akikuomba kumbukumbu ya NVDA, yaani rekodi ya iliyoyafanya, ifungue kwa NVDA na F1 uipitie kabla ya kuituma. Ikiwa kiwango chake kiliwekwa kurekodi vitufe, nywila ulizoandika zimo ndani. Na tangu toleo la 2025.1, NVDA ina njia ya ndani ya kumruhusu mtu aiendeshe kompyuta yako akiwa mbali. Mwenye ufunguo wa muunganisho huo anafanya lolote ambalo wewe ungefanya. Umpe unayemfahamu tu, funga akaunti za benki kwanza, na akimaliza kata muunganisho wewe mwenyewe, usimwachie yeye.